Deni la moshi: Sheria ya afya ya askari wa zamani wa Marekani na bili yake

Mwaka 2025, askari wa zamani wa Marekani aliyetambuliwa kuwa na ulemavu wa asilimia 100 uliotokana na utumishi jeshini, asiye na mke wala mtoto wa kumtegemea, alilipwa fidia ya dola 3,831.30 kwa mwezi. Mwenye asilimia 50 alipata dola 1,102.04 na mwenye asilimia 10 dola 175.51. Fedha hizo hazikatwi kodi. Kima hupandishwa kila Desemba kufuata gharama za maisha: kilipanda kwa asilimia 8.7 kwa ajili ya mwaka 2023, asilimia 3.2 kwa 2024 na asilimia 2.5 kwa 2025.

Mfanyabiashara yeyote angeyaita hayo mapato mazuri. Ni ya uhakika, ni ya dola, na kwa kawaida hudumu maisha ya mlipwaji. Ugumu umekuwa kwenye kuingia katika daftari la malipo. Kwa miaka mingi mdai alitakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba anaumwa, kwamba kuna jambo lililompata akiwa kazini, na kwamba hilo ndilo lililoleta ugonjwa. La kwanza anaandika daktari na la pili limo katika kumbukumbu za jeshi. La tatu ndilo lililowaangusha wengi, na ndilo lililozaa muswada uliopita katika Kongresi ya Marekani Agosti 2022 kwa gharama iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 280 katika miaka kumi.

Chanzo chake ni takataka. Katika vita vya Irak na Afghanistan, kambi za Marekani zilichimba mashimo ya wazi na kuchoma humo kila kilichotupwa: plastiki, matairi, betri, rangi, mabaki ya hospitali, na mara nyingi moto uliwashwa kwa mafuta ya ndege. Shimo la kambi ya Balad, kaskazini ya Baghdad, lilienea takriban ekari 10. Askari walikula na kulala ndani ya moshi huo. Miaka kadhaa baadaye wengine walirudi hospitalini na pumu isiyopona, mapafu yaliyoziba, au saratani.

Walipodai fidia waliulizwa ushahidi. Lakini hakuna askari aliyepewa kipimo cha moshi pamoja na bunduki yake. Kwa takwimu ambazo Wizara ya Masuala ya Askari wa Zamani ilizipeleka mbele ya Kongresi mwaka 2020, madai 12,582 yaliyotaja mashimo ya moto yalifikishwa kwake kuanzia 2007, na yaliyokubaliwa yalikuwa 2,828. Zaidi ya robo tatu yalikataliwa.

Mlango wa pili, wa kuishitaki kampuni ya mkataba iliyoendesha baadhi ya mashimo hayo, nao ulifungwa. Mahakama za chini ziliamua kwamba namna ya kuteketeza taka kambini ilikuwa amri ya jeshi, na haikuwa juu ya mahakama kuipima. Januari 2019 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kusikiliza rufaa. Aliyebaki kudaiwa ni serikali peke yake.

Dawa ya kisheria ilikuwepo tangu zamani. Baada ya vita vya Vietnam, ambako ndege za Marekani zilinyunyiza dawa ya kuua mimea iitwayo Agent Orange, wagonjwa walihangaika vivyo hivyo hadi ilipotungwa sheria ya mwaka 1991. Sheria hiyo iliweka dhana: aliyekanyaga Vietnam katika miaka iliyotajwa, akapata ugonjwa uliomo katika orodha, atachukuliwa kuwa aliupata kwa dawa hiyo bila kudaiwa ushahidi mwingine. Dhana ya namna hiyo haiongezi senti moja katika kima cha fidia. Inachofanya ni kuhamisha mzigo wa kuthibitisha kutoka kwa mgonjwa, na hapo idadi ya walipwaji hupanda. Ndiyo maana wakaguzi wa bajeti huiogopa kuliko nyongeza yoyote ya kima. Mabaharia waliohudumu karibu na pwani ya Vietnam bila kushuka walisubiri hadi sheria nyingine ya mwaka 2019 ndipo wakaingizwa rasmi.

Muswada wa mashimo ya moto, unaojulikana kwa ufupi kama PACT, ulipewa jina la Sajini Heath Robinson wa jeshi la akiba la jimbo la Ohio, aliyehudumu Kosovo na Irak na kufariki mwaka 2020 kwa saratani ya mapafu. Ulitaja magonjwa zaidi ya 20, mengi yakiwa saratani na maradhi ya kifua, na nchi ambazo aliyehudumu humo atapewa dhana. Aidha, uliongeza shinikizo la damu katika orodha ya Agent Orange, nyongeza iliyowagusa wazee wengi kwa mara moja. Wakati huo serikali ilikadiria kwamba askari wa zamani wapatao milioni 3.5 huenda walivuta moshi huo.

Mvutano wa mfuko

Baraza la Seneti liliupitisha muswada Juni 16, 2022 kwa kura 84 dhidi ya 14. Ikagundulika kwamba kifungu kimoja kidogo kilihusu kodi, na Katiba ya Marekani inataka mambo ya kodi yaanzie Baraza la Wawakilishi. Kifungu kikaondolewa, Wawakilishi wakapiga kura upya Julai 13 na kupata 342 dhidi ya 88, na karatasi ikarudi Seneti kwa jambo lililodhaniwa kuwa la dakika chache.

Julai 27 muswada ulikwama. Zilihitajika kura 60 ili kufunga mjadala, zikapatikana 55 dhidi ya 42. Maseneta 25 wa chama cha Republican waliouunga mkono mwezi mmoja kabla waliupinga, ingawa maandishi yalikuwa karibu yale yale. Wagonjwa na wajane wao walipiga kambi kwenye ngazi za jengo la Kongresi, usiku na mchana, mvua na jua. Wenye kumbukumbu walikumbuka kwamba Julai 28, 1932, miaka 90 kasoro siku moja kabla ya kura hiyo, jeshi liliwafukuza kwa nguvu katika mji huo huo wapiganaji wa vita ya kwanza ya dunia waliokuja kudai posho waliyoahidiwa. Wale walilipwa mwaka 1936.

Hoja ya waliobadili kura ilikuwa ya kihasibu, na ilistahili kusikilizwa zaidi ya ilivyosikilizwa. Bajeti ya Marekani ina mifuko miwili mikubwa. Wa kwanza ni wa matumizi yanayopitishwa kila mwaka, yenye kikomo na yenye kugombaniwa: jeshi, shule, barabara. Wa pili ni wa matumizi ya lazima, yanayolipwa kwa nguvu ya sheria mradi mwenye haki amejitokeza. Mwenye nyumba angelinganisha na fedha ya sokoni, inayopunguzwa mwezi ukiwa mgumu, na kodi ya pango, isiyopunguzika. Fidia ya ulemavu tangu zamani imo katika mfuko wa pili. Matibabu ya hospitali za Wizara yamo katika wa kwanza.

PACT ilianzisha mfuko maalumu wa gharama za sumu za vita na kuuweka katika matumizi ya lazima. Seneta Pat Toomey wa Pennsylvania alidai kwamba maneno yake yaliruhusu hata matibabu yaliyokuwa tayari yakilipwa katika mfuko wa kila mwaka, ya thamani ya dola bilioni 400 hivi kwa miaka kumi, yahamishiwe huko. Nafasi ambayo ingebaki wazi chini ya kikomo ingeweza kujazwa na matumizi mengine yoyote yasiyohusu askari. Waliotetea muswada walijibu kwamba matibabu hayo yakiachwa katika mfuko wa kila mwaka yatashindanishwa na barabara na shule, na siku fedha zikipungua mgonjwa atapangiwa foleni. Pande zote mbili zilisema kweli. Kinyang'anyiro kilikuwa juu ya nani atabeba hatari ya hesabu kukosewa, mlipa kodi au mgonjwa.

Kelele za ngazini zilishinda. Agosti 2 rekebisho la Toomey lilipigiwa kura likashindwa, na muswada ukapita kwa 86 dhidi ya 11. Rais Joe Biden aliutia saini Agosti 10, 2022.

Miaka iliyofuata imeonyesha bili. Mfuko huo maalumu ulitengewa dola bilioni 5 kwa mwaka wa fedha 2023. Katika makubaliano ya mwaka 2023 juu ya kikomo cha deni la taifa, ulipewa bilioni 20.3 kwa mwaka 2024 na bilioni 24.5 kwa mwaka 2025. Kasi hiyo inaonyesha kwamba hofu ya Toomey haikuwa ya kubuni. Upande wa pili wa daftari, Mei 2024 Wizara ilitangaza kuwa imekubali madai milioni moja chini ya sheria hiyo, ya askari na wafiwa wapatao 888,000, na kuwalipa dola bilioni 5.7 hivi. Machi 2024 ilikuwa tayari imewafungulia matibabu wote waliokumbana na sumu, badala ya kuwaingiza kwa mafungu hadi mwaka 2032 kama sheria ilivyopanga. Januari 2025 iliongeza saratani kadhaa za damu na za njia ya mkojo katika orodha.

Katikati ya mafanikio hayo ilitokea aibu. Julai 2024 Wizara iliiarifu Kongresi kwamba itapungukiwa dola bilioni 2.9 za fidia na masomo kabla ya mwaka wa fedha kumalizika Septemba, na kwamba ingehitaji nyongeza ya bilioni 12 kwa huduma za afya mwaka uliofuata. Kongresi ikatoa zile bilioni 2.9 haraka, zikatiwa saini Septemba 20. Baadaye ikaonekana kwamba hundi zingelipwa hata bila nyongeza hiyo. Makadirio yalikuwa yamepotoka, na wabunge waliokuwa wakitafuta sababu ya kuitilia shaka hesabu ya Wizara wakaipata bila jasho.

Miswada isiyopita

Si kila muswada wa askari hupata bahati ya PACT. Mfano ni ule wa Meja Richard Star. Askari anayestaafishwa kwa majeraha ya vitani kabla ya kutimiza miaka 20 hupata pensheni ya jeshi na fidia ya ulemavu, lakini kila dola anayopokea ya fidia hupunguza dola moja ya pensheni. Aliyetimiza miaka 20 na kupewa ulemavu wa asilimia 50 au zaidi huchukua zote mbili. Muswada unataka aliyejeruhiwa vitani naye achukue zote. Katika Kongresi ya 118, iliyomaliza muda wake Januari 2025, uliungwa mkono kwa saini za wajumbe zaidi ya 300 wa Baraza la Wawakilishi lenye viti 435, na bado haukupigiwa kura ya mwisho. Uliwasilishwa tena mwaka 2025. Kikwazo ni cha mfuko ule ule: nyongeza ya matumizi ya lazima inahitaji kutajiwa mahali fedha zitakapokatwa, na hakuna aliyekubali kukatwa. Saini ya kuunga mkono haigharimu kitu.

Uliopita kimya kimya ni ule wenye jina la Seneta Elizabeth Dole, uliotiwa saini Januari 2, 2025. Pamoja na mengine, uliinua kikomo cha fedha za kumtunza askari mgonjwa nyumbani kutoka asilimia 65 hadi asilimia 100 ya gharama ya kumweka katika nyumba ya wazee. Familia nyingi hupenda mgonjwa abaki kwao, na sheria ya awali iliwasukuma kumtoa.

Wanaofaidika kando

Sheria ya matumizi makubwa hujenga soko lake. Tangu sheria ya MISSION ya mwaka 2018, askari anayelazimika kusafiri zaidi ya nusu saa kumfikia daktari wa kawaida wa Wizara, au zaidi ya saa moja kumfikia bingwa, anaweza kutibiwa hospitali binafsi na Wizara ikalipa. Kila mgonjwa mpya wa PACT ni mteja anayewezekana wa hospitali hizo, huku Wizara ikiendelea kubeba gharama za hospitali zake zipatazo 170.

Mawakili nao hawakulala. Ndani ya PACT kulikuwa na kifungu kilichowaruhusu walioishi katika kambi ya Camp Lejeune, North Carolina, ambako maji ya kunywa yalichafuka kati ya 1953 na 1987, kuidai serikali hadi Agosti 10, 2024. Matangazo ya ofisi za mawakili yalijaa katika televisheni, na madai zaidi ya 400,000 yakafikishwa kwa jeshi la majini. Yaliyolipwa hadi siku hiyo ya mwisho yalikuwa sehemu ndogo mno.

Soko linalobishaniwa zaidi ni la kampuni zinazomwandikia askari dai kwa malipo. Sheria inakataza kutoza ada kwa dai la mara ya kwanza, lakini adhabu ya jinai iliyoambatana na katazo hilo iliondolewa mwaka 2006, na katazo lisilo na adhabu ni kama mlango usio na kitasa. Miswada miwili imekuwa ikishindana tangu Kongresi ya 118. Mmoja unataka adhabu irudishwe. Mwingine unataka kampuni hizo zihalalishwe na ada iwekewe kikomo: mara tano ya nyongeza ya mwezi ambayo askari ameipata, isizidi dola 12,500. Kwa viwango vya 2025, aliyetoka asilimia 10 hadi 50 aliongezewa dola 926.53 kwa mwezi, na ada ingefika dola 4,632.65. Aliyetoka 10 hadi 100 angegonga kikomo. Vyama kama American Legion na Disabled American Veterans huandika madai hayo hayo bure, na mdai anayejua hilo hana sababu ya kutoa miezi mitano ya nyongeza yake.

Afrika Mashariki na Ghuba zimo katika maandishi ya sheria. Orodha ya nchi za dhana inaitaja Somalia, pamoja na Oman, Falme za Kiarabu, Bahrain, Qatar, Kuwait, Saudi Arabia na Irak, kuanzia Agosti 2, 1990. Jibuti, ambako Marekani ina kambi ya Lemonnier, imo kuanzia Septemba 11, 2001, pamoja na Yemen, Misri na nyinginezo. Hivyo askari wa Marekani aliyeshuka Mogadishu mwaka 1992 anapewa dhana. Kenya haimo katika orodha hiyo. Aliyelinda uwanja wa ndege wa Manda, Lamu, ulioshambuliwa na Al-Shabaab Januari 5, 2020 na Wamarekani watatu kuuawa, anaweza kudai, lakini kwa njia ya zamani ya kuthibitisha mambo yote matatu.

Fidia humfuata mwenyewe popote anapohamia. Mzaliwa wa Kenya au Tanzania aliyejiunga na jeshi la Marekani kwa hati ya ukaazi wa kudumu, akastaafu na kurudi Kisumu au Moshi, huendelea kupokea dola zake, na Wizara ina mpango wa kulipia nje ya nchi matibabu ya ugonjwa uliotambuliwa kuwa wa kazini. Kwa wenye maduka ya fedha za kigeni huyo ni mteja wa kila mwezi.

Hali ni tofauti kwa maelfu ya Waganda, na Wakenya pia, waliolinda malango ya kambi za Marekani nchini Irak kwa ajira ya kampuni binafsi. Walivuta moshi ule ule, lakini kisheria si askari wa zamani, na orodha ya magonjwa ya 2022 haiwahusu. Kinachowahusu ni sheria ya mwaka 1941 inayomtaka mwajiri wa kazi za kijeshi ng'ambo kuwakatia bima. Mlipaji ni kampuni ya bima, na malipo ya aliyelemaa kabisa ni theluthi mbili ya wastani wa mshahara wake wa wiki. Mlinzi aliyeajiriwa kwa mshahara mdogo hulemaa kwa bei ndogo. Aidha, sheria hiyo inaruhusu malipo ya baadaye ya raia wa kigeni anayeishi nje ya Marekani yageuzwe kuwa mkupuo mmoja, kwa nusu ya thamani yake.